Uzi wa Bandi

Fundi alirudi kutoka kuchota maji akakuta cherehani ina joto. Mezani palikuwa na kola ya gauni la mtoto, imekwisha kushonwa, na duka zima lilinuka nguo iliyoungua. Ufunguo alikuwa nao yeye. Ni jambo la kushtua, lakini hakushtuka, na hapo ndipo balaa lilipokuwa.

Tangu duka lake la kwanza liteketee, mikono ilimtetemeka hata kutunga uzi sindanoni akashindwa. Daktari akampa vidonge vya kutuliza wasiwasi.

"Kimoja jioni, mama, wiki mbili tu. Usiongeze, wala usiache ghafla. Njoo tupunguze pamoja."

Vilimfaa, tusivisingizie. Alilala, akala, mshono ukanyooka. Lakini kwa fundi mshono mmoja si mshono. Sharti uurudie ndipo ushike. Akarudia na kidonge. Wiki mbili zikawa miezi mitatu, kimoja kikawa vitatu, vya ziada akivinunua bila cheti.

Alasiri moja binti yake, aliyemwita Kifungo kwa udogo wake, alikuwa amesimama katikati ya duka mikono ameinyoosha, na nyuma yake mwanamke mrefu asiye na uso, mweusi wa masizi, anampima mabega, anampima kiuno, anampigia bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza nguo, kwenye pindo la sare kwa vidole virefu kupita kiasi, na fundi akayaona yote hayo, akajua kwamba mama yeyote angepiga yowe, akalitafuta yowe kifuani asilipate, akaendelea kukata kitambaa.

"Mama," Kifungo akanong'ona, "huyu shangazi ana mikono ya moto."

"Simama wima, mwanangu, akupime vizuri."

Dada yake fundi aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Yeye alimwona mtoto peke yake, anatetemeka. Akamnyakua, akaenda kumwita mganga.

Mganga alifukiza ubani, akakitazama kichupa cha vidonge. "Hofu ni mbwa wa mlinzi," akasema kwa sauti ya chini. "Wa huyu kalazwa usingizi na vidonge, jini limepita. Muulizeni daktari namna ya kuviacha."

Dada hakuuliza mtu. Alivimwaga vyote chooni.

Siku ya tatu fundi alianguka kifafa kando ya cherehani, povu mdomoni. Hospitalini daktari alifoka: "Mwili uliozoea dawa hii ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kufa!"

"Nilidhani namwokoa," dada akalia.

Vidonge vikarudishwa, vikapunguzwa robo kwa robo, mwezi baada ya mwezi. Hofu ikarudi kidogo kidogo. Wiki moja baada ya robo ya mwisho, mchana kweupe, ile harufu ya kuungua ikaja tena. Fundi alipiga yowe la kuamsha mtaa, akamkumbatia Kifungo, wakatoka mbio hadi barabarani, wakakutana na dada yake.

"Dada! Nimeogopa! Nimeogopa kweli!" Alikuwa analia na kucheka. Alikuwa mama tena.

"Mama," Kifungo akasema, "mbona navutwa?"

Kwenye pindo la sare yake palikuwa na uzi mweupe wa ile bandi ya yule mwanamke wa masizi. Ulipita kizingiti, ukaingia dukani, umekaza, na humo ndani gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka.

Fundi akatia mkono mfukoni kutafuta mkasi. Alikuwa ameuacha mezani, mle dukani.