Dansingi Mukashyaka

Jumapili ile ya mwaka 1974 Mukashyaka alipika ndizi kama kawaida, akavaa kikwembe chake cha kijani, akashuka mutaa wa Birere kutazama mume wake akipandisha kibao kipya juu ya mulango wa dansingi yao, nyumba ya kuchezea muziki. Habari hii nilipewa na mama Clotilde, aliyeuza mandazi mbele ya mulango ule ule, na mama Clotilde hakuwa mutu wa kuongeza chumvi.

Dansingi yenyewe ilijengwa na Muzungu mumoja, Édouard, kwa mawe ya volkano. Goma nzima ilicheza mule. Lakini serikali ilipowanyang'anya wageni biashara zao, nyumba ikaangukia kwa Habarurema, mume wa Mukashyaka, na watu wakaikimbia kama yenye ndui. Orkesta ilipigia viti vitupu. Habarurema akapanda gari mpaka mji wa Kiwanja kwa mufumu mumoja, muganga wa mizimu. Wiki iliyofuata kibao kilipanda: DANSINGI MUKASHYAKA.

"Nimekupa heshima," alimuambia muke wake.

Naye akafurahi, maskini. Jina la ubatizo, Léonie, serikali ilikuwa imelikataza miaka miwili nyuma. Alibaki na hili moja tu, alilopewa na mama yake. Kuliona juu ya mulango kulimutoa machozi.

Matinée ya kwanza, dansi ya muchana, watu walijaa mpaka barabarani. Lakini sokoni wauzaji wakaanza kumusahau. "Mama, wewe ni nani tena?" Padri akamuruka kwenye komunyo. Mwisho wa mwezi alimuita jirani mara tatu, jirani akaendelea kuanika nguo. Na kule Birere kila mutu alikuwa na jina lake mudomoni: twende Mukashyaka, tuonane Mukashyaka.

Akamukamata mume wake shati.

"Ulipatana nini na yule mufumu?"

"Nyumba iliomba mutu," Habarurema akasema chini chini. "Nilikataa damu. Nikatoa jina. Jina ni kitu gani?"

Miaka tisa amemupikia, amemufulia, amemuuguza, naye alikwenda kumutoa kama mbuzi, bila hata kumuuliza. Roho ilimuuma.

Tumaini lilibaki moja. Aliyemupa jina, mama yake, angeweza kumurudishia. Mama Clotilde, ambaye siku zote alimuita "mwenzangu" tu, alikuwa angali anamusikia, na ndiye aliyetuma habari Kibati, kijiji cha muzee huyo.

Jumapili, saa tisa ya muchana, mama huyo, muzee Pascasie, alifika na kikapu chake. Binti yake alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mulango. Pascasie alimutazama.

"Jambo, mama," akasema, akamupita. Akaita ndani: "Mukashyaka!"

"Karame," kukaitikwa, vile mutoto anavyomuitika muzazi wake.

Sauti ilitoka ndani, lakini ilikuwa ya huyu aliyesimama nje.

Nyayo. Polepole. Mwanamuke akatoka. Kikwembe kile kile. Uso ule ule. Pascasie akamukumbatia.

"Mama, ni mimi," akalia yule wa kwenye ngazi.

Pascasie akarudi nyuma, akamugeukia mukwe wake aliyesimama mulangoni. "Habarurema, huyu mwanamuke ni nani?"

Habarurema aliwaangalia wote wawili. Alijua. Mama Clotilde anaapa kwamba alijua. Ndani gitaa lilikuwa linakazwa nyuzi, na watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

"Simujui, mama," akasema. "Labda ni mwenye kuomba."

Pascasie akaondoka na yule aliyetoka ndani, wakarudi Kibati. Mama Clotilde akainama kuokota beseni lake. Alipoinua kichwa, kwenye ngazi hapakuwa na mutu. Zilibaki alama za miguu miwili, zimezama katika jiwe kama katika matope.

Mwezi mumoja baadaye Pascasie alishuka Birere kununua chumvi, akaziona. Kidole kidogo cha muguu wa kushoto kilikuwa kimelala juu ya mwenzake, vile alivyokiona siku aliyomuzaa binti yake. Akakaa palepale chini.

"Léonie," akaita jina lililokatazwa. "Léonie wangu."

Hakuna aliyeitika. Na kule Kibati yule mwingine alikuwa amekwisha kuwasha moto, anamungoja.