Marivel Anakataa Kutoa Mano

Wiki mbili kabla ya Pasaka, nyumba ya Crisanta ilijaa manyoya ya bata. Yalikuwa kwenye viti, yalikuwa kitandani, yalikuwa hata kwenye sufuria ya wali. Mumewe Rodel, fundi wa pikipiki za magurudumu matatu, alitoa unyoya mdomoni akauweka kando ya sahani.

"Mke wangu, leo tumepika samaki au bata?"

"Kula, baba. Malaika hawezi kushuka na mabawa ya karatasi."

Malaika mwenyewe alikuwa Marivel, binti yao wa miaka tisa. Mtaa wa Wawa huchagua msichana mmoja tu kila mwaka, na mwaka huu zamu ilikuwa yao. Crisanta alikuwa hashikiki kwa furaha. Alishamwambia muuza samaki, alishamwambia muuza mkaa, alishamwambia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Na alikuwa na haki ya kufurahi. Alfajiri ya Pasaka wanaume wa Wawa hubeba sanamu ya Yesu kwa njia moja, na wanawake hubeba sanamu ya Mama yake kwa njia nyingine, uso wake umefunikwa kitambaa cheusi cha msiba. Wanakutana chini ya tao la mianzi mbele ya kanisa. Hapo malaika hushushwa kwa kamba kutoka juu, anaimba, kisha anakiondoa kile kitambaa. Kikitoka vizuri, kengele zinalia na watu wanasema mwaka utakuwa mwema. Kikinasa, kazi ipo. Kimbunga kikija, nguruwe wakifa, mpunga ukikauka, lawama zote ni za malaika wa mwaka ule.

Jumatatu jioni Mzee Teban alipita na mkanda wa kumfungia malaika. Huyu ndiye aliyejenga tao la mianzi kwa miaka ishirini. Ndiye aliyewafundisha malaika wote. Nusu ya watoto wa mtaa alikuwa baba yao wa ubatizo.

"Marivel," Crisanta aliita, "njoo utoe mano kwa mzee."

Mano ni jambo dogo. Mtoto anaushika mkono wa mkubwa, anaugusisha kwenye paji la uso wake, basi. Marivel alikuwa akitoa mano tangu hajajua kutembea. Siku hiyo alisimama nyuma ya kabati, mikono mgongoni, hakusogea.

"Marivel, husikii?"

"Sitaki."

Mzee Teban alicheka. "Mwache, mama. Anaogopa kamba tu." Akaweka mkanda mezani, akaondoka.

Crisanta aliwaka. "Unaniaibisha mbele ya watu! Watasema mimi mama gani, nimezaa mtoto asiye na adabu." Alimvuta, akamvalisha bawa la kushoto kwa nguvu, sindano mdomoni. Mtoto hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, kitambaa kikinasa, ni kosa langu?"

"Kitanasaje? Tumefanya mazoezi mara ngapi?"

"Nikisema, kitanasa."

Crisanta alitoa sindano mdomoni. "Ukisema nini, mwanangu?"

"Mzee Teban hunipima mkanda kwenye chumba cha mapambo, kule kanisani. Anafunga mlango. Ananishika mahali ambapo mkanda haufiki. Amesema nikimwambia mtu, kitambaa kitanasa, na Wawa yote itajua ni mimi."

Crisanta aliliachia bawa. Aliketi chini palepale, juu ya manyoya. Hasira yote aliyokuwa nayo kwa mtoto ilimgeuka mwenyewe. Alimkumbatia Marivel akamwambia neno moja tu, "Nakuamini." Nalo lilikuwa neno zuri kuliko yote ambayo angeweza kuchagua, ingawa wakati huo hakujua.

Rodel alisikia yote kutoka mlangoni. Alitoka akaingia banda la zana, akarudi na panga. Crisanta akasimama mlangoni, akatanua mikono.

"Ukimkata wewe utafungwa, na mtoto atajiona amemfunga baba yake. Weka hilo panga."

"Sasa tufanye nini? Tukae?"

"Kesho twende kwa Padri."

Asubuhi walikwenda. Padri Ilde alikuwa kijana mpole, hana hata mwaka mmoja Wawa. Aliposikia, alirudisha kikombe cha kahawa mezani. Lakini pembeni yake alikaa Bi Conching, mwenyekiti wa baraza la parokia, mama mwenye sauti ya kuamua.

"Haya ni mambo ya kusikitisha sana," alisema Bi Conching. "Tuyamalize kifamilia. Kesho saa kumi jioni, humu ofisini. Mzee Teban atawaomba msamaha. Mtoto atampa mano, kuonyesha amesamehe. Nyinyi mtatia sahihi karatasi kwamba mambo yamekwisha. Baada ya Pasaka tutampeleka mzee akasaidie kanisa dogo la ng'ambo ya mto. Mtaa hautajua, na mtoto wenu ataendelea kuwa malaika. Si ndivyo mnavyotaka?"

Rodel alikunja ngumi. Crisanta, nisikufiche, alikubali. Alikuwa amechoka, hakulala. Aliogopa minong'ono. Na aliposikia kwamba Marivel ataendelea kuwa malaika, alisema asante. Alishukuru kabisa, akainama.

Nyumbani alimkuta jirani yake, Nenita, anaanika nguo uani. Nenita ni afisa ustawi wa jamii katika ofisi ya mji, ila kwa Crisanta alikuwa zaidi mtu wa kuazimana chumvi na kusengenya waume.

"Malaika wetu anaendeleaje?" aliuliza Nenita. Kisha akamtazama vizuri, akaiacha shuka kwenye beseni. "Dada, kuna nini?"

Crisanta alimweleza yote. Mwisho akasema, "Lakini yamekwisha. Kesho saa kumi tunapatana."

Nenita alijifuta mikono polepole. "Dada, nikuulize jambo moja. Huko kanisa la ng'ambo hakuna watoto?"

Crisanta aliangalia upande wa mto.

"Wapo," alisema. "Wapo wengi. Dada yangu ana wawili kule."

"Na kesho saa kumi, Marivel atashika mkono ule ule, auweke kwenye paji la uso wake. Mbele yenu. Kwa amri yenu."

Crisanta alianza kulia. Nenita akamkalisha kwenye ngazi, akakaa naye.

"Sikulaumu. Watu wengi hufanya hivyo hivyo, tena kwa nia njema. Lakini sikiliza. Hili si ugomvi wa mipaka ya shamba, ambapo watu hupatana kwa kahawa. Hata mwenyekiti wa mtaa hana ruhusa kulisuluhisha. Ni jinai. Linakwenda polisi, kwenye dawati la wanawake na watoto, na kwenye ofisi yetu. Leo, si baada ya Pasaka."

"Na Padri?"

"Padri aombe, afariji, atoe taarifa. Kuchunguza si kazi yake. Kanisa haliwezi kuwa mshtakiwa, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja, wala msikiti, wala shule."

"Je, kama tunamsingizia mzee wa watu?"

"Kama hana kosa, uchunguzi utamsafisha mbele ya kila mtu. Karatasi ya Bi Conching haimsafishi mtu, inafunika tu. Wakati huo, yeye akae mbali na watoto. Wote."

"Basi nimwite Marivel umuulize?"

"Hapana. Umeshamuuliza wewe?"

"Mara tatu, nne. Nilitaka kuwa na uhakika."

"Inatosha, usirudie. Kila akisimulia, anaumia upya. Tuna mama mmoja ofisini aliyefundishwa kuongea na watoto. Atamsikiliza mara moja, taratibu, na daktari atamwangalia. Wewe mwambie mambo mawili tu: kwamba si kosa lake, na kwamba alifanya vizuri kusema. Mwambie leo, kesho, na keshokutwa."

Crisanta alisimama. Machozi yalikuwa bado hayajakauka, lakini kitu kilikuwa kimeamka ndani yake. "Nisubiri nivae viatu," alisema.

Rodel aliwapeleka kwa pikipiki ya mteja ambayo hata hakuwa amemaliza kuitengeneza. Ilikohoa njia nzima. Marivel alikaa katikati ya mama na Nenita. Kabla ya kufika alimwuliza mama yake kama Mzee Teban atakuwepo.

"Hatakuwepo," alisema Crisanta. "Si leo wala kesho. Na hutampa mano tena maisha yako yote."

Mtoto aliegemea bega lake, akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Siku iliyofuata, saa kumi kamili, Crisanta na Rodel waliingia ofisi ya parokia. Mtoto hakuwa nao. Nenita alikuwa nao. Mzee Teban alikuwa amekaa tayari, amevaa shati jeupe, mkono wake wa kulia juu ya goti. Karatasi ilikuwa mezani, na kalamu juu yake.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Bi Conching.

"Yuko salama," alisema Crisanta. Aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza. "Hatutatia sahihi. Jana tulifika polisi. Taarifa imeshaandikwa."

Mzee Teban alisimama. "Mama Marivel, mimi ndiye niliyewasimamia shemeji zako kwenye ubatizo."

"Keti, mzee," alisema Rodel. Safari hii hakuwa na panga.

Bi Conching alipiga meza. "Siku kumi na moja kabla ya Pasaka! Mnataka kuivunja Wawa? Nani atajenga tao? Kitambaa kikinasa je?"

"Hayo ndiyo maneno aliyotishiwa nayo mwanangu," alisema Crisanta. "Hayo hayo, Bi Conching. Kwamba akisema, kitambaa kitanasa."

Bi Conching aliuondoa mkono mezani. Alimgeukia Mzee Teban, akamtazama kwa muda mrefu. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

Padri Ilde alivuta droo. Chini kabisa, chini ya ratiba za ndoa, palikuwa na bahasha yenye muhuri wa askofu. Haijafunguliwa.

"Huu ni mwongozo wa jimbo wa kuwalinda watoto," alisema, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa aibu. "Ulikuja mwezi wa nane. Sikuusoma." Aliichana bahasha mbele yao, akasoma kimya ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Kisha akainua kichwa. "Mzee Teban, kuanzia sasa huna kazi yoyote katika parokia hii, wala ng'ambo ya mto, mpaka vyombo vya sheria vimalize. Nipe funguo za chumba cha mapambo. Jioni hii nampigia askofu."

Funguo zilianguka mezani. Padri aliichukua ile karatasi ya kupatana, akampa Nenita. "Nadhani na hii polisi wataitaka."

"Wataitaka," alisema Nenita.

Jumapili ya Matawi, Padri Ilde alisimama mbele ya waumini. Hakutaja jina la mtoto, wala familia. Alisema kuna tuhuma, ipo polisi, na mtuhumiwa ameondolewa kwenye kazi. Alisema yeye mwenyewe alikosea siku ya kwanza, akaomba radhi. Halafu akasema ofisi ya ustawi wa jamii iko wazi kwa mzazi yeyote mwenye jambo. Wiki hiyo hiyo akina mama wawili walikwenda. Mmoja alikuja na binti wa miaka kumi na tisa, malaika wa zamani. Mzee Teban alikamatwa Jumatano, na kesi yake ikaanza safari ya mahakamani.

Mlangoni mwa kanisa palibandikwa tangazo kwa herufi kubwa: hakuna mtu mzima kukaa na mtoto peke yake, milango ya mazoezi ibaki wazi, watu wazima wawe wawili, na nambari ya simu ya Nenita na ya dawati la polisi. Aliyeshika gundi alikuwa Bi Conching. Alilainisha kona zote nne kwa kiganja.

Marivel aliulizwa kama bado anataka kuwa malaika. Walimwambia anaweza kukataa na hakuna atakayekasirika.

"Nataka," alisema. "Lakini mkanda anifunge mama."

Basi wanawake wa Wawa wakajenga tao wenyewe. Lilikaa upande kidogo. Rodel alishika kamba na wenzake wanne, na mkanda ulifungwa hadharani, uwanjani.

Alfajiri ya Pasaka mishumaa ilijaa barabara mbili. Sanamu zilikutana. Marivel akashuka polepole, mabawa ya bata yakitikisika, akiimba bila kukosea hata neno. Akanyoosha mkono, akavuta kitambaa.

Kikanasa.

Kilishika kwenye nyota ya taji la sanamu. Mtu mmoja nyuma aliguna. Marivel alimtafuta mama yake kwa macho kule chini, akampata. Crisanta akamwitikia kwa kichwa. Mtoto akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akakiinua kwanza juu ya ile nyota, kisha akavuta.

Kikatoka chote. Kengele zikalia, watu wakapiga makofi, Rodel akasahau kamba kidogo na malaika akashuka haraka kuliko ilivyopangwa. Crisanta alimdaka, akaanza kufungua vifungo vya mkanda.

Marivel alikuwa bado amekikumbatia kitambaa cheusi. Alimsogelea mama yake sikioni ili amsikie kwenye zile kelele.

"Mama," alisema, "nilisema yote. Na kimetoka."