Kamba ya Fanusi la Hajja Tafida

Shauki alikuwa mpiga pasi katika kichochoro kimoja cha Kairo. Mikono yake haikupumzika, na mdomo wake ndio kabisa. Huyu atamwambia shati lake limechakaa, yule atamwambia asijitie ubwana harusi. Lakini alasiri hiyo, siku moja kabla ya Ramadhani, alikaa kimya. Fanusi lilikuwa limeanguka tena.

Fanusi hilo la bati na vioo vya rangi lilitengenezwa na marehemu baba yake. Kila Ramadhani lilitundikwa kwenye kamba iliyovuka kichochoro, kutoka roshani ya Shauki hadi roshani ya jirani. Kamba ililegea, fanusi likashuka chini, na hakuna aliyejali. Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Mama yake, Hajja Tafida, aliumwa kiuno na hakuinuka kitandani. Aliomba kitu kimoja tu: alione fanusi la mumewe kutoka pale alipolala.

Basi Shauki akaivuta kamba mpaka ikanyooka, ili fanusi likae sawa na dirisha. Kamba ikakatika. Akaleta nene zaidi, akavuta zaidi. Nayo ikakatika! Kioo kimoja kikavunjika.

"Baba, likianguka tena basi," alisema binti yake, Ghada. "Babu hayupo wa kulitengeneza."

"Kamba za siku hizi ni nyuzi za kushonea vifungo!" Shauki alifoka. "Naleta waya."

"Leta hata mnyororo," ilijibu sauti kutoka roshani ya pili. "Ukivuta hivyo utaing'oa roshani yangu!"

Alikuwa Mwalimu Ismati, jirani yao, anayefundisha fizikia. Akashuka na kipande cha chaki.

"Haya, chora fanusi hapa mlangoni," alisema.

Shauki akachora fanusi, akalitia na nyota.

"Nyota za nini, bwana? Nukta moja inatosha. Sasa niambie, fanusi linaguswa na nini?"

"Msumari. Roshani. Na mimi niliyevuta," alisema Shauki, akivichora vyote.

"Msumari unaligusa fanusi?"

Shauki akafikiri. "Hapana. Unagusa kamba."

"Basi ufute, na roshani pia. Na wewe jifute."

"Nijifute? Na jasho lote lile!"

Ghada akacheka mpaka akashika tumbo.

"Fanusi linaguswa na kamba tu," alisema Mwalimu. "Upande huu na upande huu. Chora mshale mmoja kwa kila upande, ufuate kamba ilivyolala. Kuna nguvu nyingine haigusi, lakini haikosekani. Dunia huvuta kila kitu chini. Huo ndio uzito. Mshale wake uelekee chini. Nguvu ikiwa kubwa, mshale uwe mrefu."

Shauki akachora. Mshale mmoja chini. Mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Nani anavuta juu?" aliuliza Mwalimu.

Shauki akautazama mchoro wake. "Mbona hakuna?"

"Karibu hakuna. Kamba iliyonyooka hushindana yenyewe kwa yenyewe. Ili ibebe uzito kidogo tu, lazima ivute sana, mpaka inakatika. Ikilegea, mishale huelekea juu, na kamba haina haja ya kuvuta sana."

"Maneno tu hayo, Mwalimu."

"Lete pasi yako."

Wakaifunga pasi katikati ya kamba. Baba na binti wakashika ncha. Waliposimama karibu, pasi ilining'inia bila taabu.

"Rudini nyuma. Inyoosheni."

Wakavuta. Mishipa ya Shauki ikamtoka shingoni. Pasi bado ilizama katikati.

"Baba, mikono yangu!" Ghada alilia.

Shauki akaiweka pasi chini. "Kwa hiyo kamba ilegee, fanusi lishuke, na mama yangu asilione."

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Nani kasema tufunge hapa hapa? Tufunge juu kwenye paa, kwenu na kwetu. Tuiache ilegee. Fanusi litashuka lenyewe mpaka dirishani kwake."

Siku ya pili, baada ya futari, fanusi liliwashwa. Upepo ukalitikisa, kamba ikahimili. Rangi nyekundu na kijani zikacheza ukutani kwa Hajja Tafida.

"Mzee wangu huyo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niinueni nimwone vizuri."

Shauki akamshika mkono huu, Ghada mkono huu. Pole pole, akasimama dirishani.

"Nasikia mnachora mishale," alisema. "Nichoreni na mimi."

Mwalimu Ismati, aliyekuja na sahani ya kunafa, kitamutamu cha Ramadhani, akampa Ghada chaki. Kwa mkono ulio huru, Ghada akachora ukutani. Nukta moja, kisha mishale. "Hii dunia, inakuvuta chini. Huyu baba. Huyu mimi."

"Umesahau sakafu," alisema Mwalimu. "Nayo inamgusa, inamsukuma juu."

Ghada akaanza mshale mdogo chini ya nukta. Hajja Tafida akaitazama miguu yake.

"Huo uchore mrefu, mjukuu wangu," alisema. "Nimesimama."