Mboga za Siku Ishirini

Kijijini Bihambwe asubuhi huanza na ukungu. Kabla ukungu haujapanda mlimani, Daphrose huwa amekwisha kufagia uwanja na kuwasha moto. Majirani humwita Mama Semana, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mkulima tangu utoto. Ukimwuliza, atakuambia hakuna udongo wa mlima huu ambao jembe lake halijaugusa, na hatakuwa amedanganya sana. Maringo kidogo anayo, lakini ameyafanyia kazi.

Siku hizo aliishi na mkwe wake, Astrid. Semana, mume wa Astrid, alikuwa ameenda Walikale kutafuta kazi. Astrid alikuwa na mimba ya miezi mitano. Daphrose alimpenda binti huyo kuliko alivyokubali kusema.

Astrid alianza kuchoka ovyo. Akitoka kisimani, alikaa njiani mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Midomo yake ilipauka. Daphrose akamshika mkono, wakaenda kwenye kituo cha afya.

Muuguzi Adelaïde alimvuta Astrid kope ya chini, akaangalia ndani ya jicho. Kisha akamdunga kidole, akapima damu.

“Damu yako iko nane,” alisema. “Iko kidogo. Mwanamuke wa mimba anapashwa kuwa na kumi na moja ao zaidi.”

“Na ikibakia vile?” Daphrose aliuliza.

“Ikibakia vile, hatazalia hapa. Tutamutuma ku hopitali kubwa. Hapa hatuna damu ya kumuongezea, Maman. Akipoteza damu mingi siku ya kuzaa, anaweza kufa.”

Mdogo wa kike wa Daphrose alifariki akijifungua. Wanaume walimbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, wakapita matope usiku na mchana, lakini hawakufika hospitalini. Hilo Daphrose halisemi, lakini halijamtoka moyoni.

Adelaïde alimpima Astrid malaria pia, na hakuwa nayo. Akampa vidonge vya kuongeza damu.

“Kila siku kimoja, na maji. Na ule majani ya kijani, lengalenga, sombe, kila siku. Si siku ya soko tu. Kamulia ndimu juu yake.”

Ni rahisi kusema. Shamba la Daphrose la mihogo, inayotoa sombe, na la lengalenga, ule mchicha wa huku, lilikuwa ng'ambo ya mlima wa pili. Tangu mwaka uliopita njia ile haikuwa salama, na wanawake waliacha kuipita. Soko lilikuwa mara moja kwa juma, na mboga za sokoni hazimalizi siku mbili kabla ya kuoza. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande kidogo tu cha udongo, hatua kumi kwa nne. Kwa mtu aliyezoea kulima mlima mzima, hapo hapakuwa shamba. Palikuwa mahali pa kuanikia nguo.

Kesho yake alikuja Nyiramana, jirani yao, na bidoni ya maziwa ya kuuza. Nyiramana ni mtu wa ng'ombe. Kwao walichunga tangu zamani, na mikono yake imezoea kukamua, si kushika mpini wa jembe. Alimkuta Astrid na kidonge mkononi na kikombe cha maziwa mbele yake.

“Hapana, dada,” Nyiramana alisema. “Maziwa yangu iko muzuri, lakini si pamoja na ile dawa. Inazuia dawa kuingia mu damu. Meza na maji. Maziwa utakunywa kisha masaa mbili kupita.”

Daphrose alimtazama. Ni mfanyabiashara gani huyu, anayewakataza watu bidhaa yake? Akampa kiti, akamweleza habari ya damu na ya mboga.

Nyiramana alisikiliza mpaka mwisho. “Wakati tulikimbia kule karibu na Goma,” alisema, “tulikuwa na nafasi kidogo kama mukeka. Agronome mumoja, mutaalamu wa kilimo, akatuonyesha namna. Unapanda lengalenga karibu karibu sana, mbegu juu ya mbegu. Hauingoji ikuwe mukubwa. Siku ishirini, ingali kidogo kama kidole, unakata, unakula. Ile majani midogo iko na nguvu mingi.”

Daphrose alicheka hadi akashika nguzo ya mlango.

“Mwenye ng'ombe njo atanifundisha kulima?”

“Kulima unajua, Mama Semana. Mimi nitakufundisha kukata.”

Daphrose aliacha kucheka. Aliangalia midomo ya Astrid, akaikumbuka ile nane. Akaenda kuchukua jembe.

Walilima tuta moja, upana wa hatua moja na urefu wa hatua tatu, wakaliinua kiganja kimoja ili maji ya mvua yasisimame. Mabonge yote waliyaponda kwa mkono mpaka udongo ukawa laini kama unga. Daphrose alidhani Nyiramana ataleta mavi ya ng'ombe ya asubuhi ile. Lakini Nyiramana alileta mbolea nyeusi, kavu, isiyonuka.

“Hii iko na miezi sita,” alisema. “Mavi mabichi inaunguza mimea, na inaleta minyoo mu tumbo. Mboga hii iko chini sana, inagusana na udongo. Lazima mbolea ikuwe imeoza kabisa.”

Daphrose akatoa chupa yake ya mbegu, iliyokaa darini juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiiguse. Nyiramana akaichukua, akaitazama mwangani.

“Iko ya kwako mwenyewe? Si ile ya rangi watu wa musaada baligawaga?”

“Ya kwangu. Naitunza kila mwaka.”

“Muzuri. Ile ya rangi wameipakaa dawa ya wadudu. Iko sumu. Haifai kwa mboga ya kukata ingali mutoto.”

Kisha Nyiramana akachota nusu kikombe cha mbegu, akaichanganya na mchanga mkavu, akaimwaga yote juu ya tuta lile moja. Moyo wa Daphrose uliruka. Nusu kikombe! Kwa mbegu hiyo yeye angepanda shamba zima na bado angegawia jirani. Alitaka kumshika mkono, akajizuia. Wakafunika mbegu kwa udongo mwembamba, na juu yake majani makavu. Wakasimika vijiti vifupi, wakaweka paa la majani ya migomba ili mvua kubwa isipige tuta, lakini pembeni wakaacha wazi upepo uingie.

Daphrose alinyunyiza maji kila asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu. Siku ya saba aliinua majani makavu, na tuta lote lilikuwa la kijani. Aliondoa majani yale na kumwita Astrid aje kuona. Hata Daphrose mwenyewe alifurahi, ingawa alisema tu, “Ee, imeota.”

Siku ya ishirini Nyiramana alikuja na kisu.

Daphrose alisimama kati yake na tuta. Mimea ilikuwa imara, mizuri, mirefu kama kidole. Katika kila mmoja yeye aliona lengalenga kubwa la kufika gotini. Maisha yake yote amekuwa akiingoja mimea ikue. Kuikata sasa ilikuwa kama kuwanyima watoto chakula halafu kuwalaumu kwa kutokua. Isitoshe, angemwonyesha nani mboga ya namna hii? Wangesema Mama Semana siku hizi anakula magugu.

“Bado mudogo,” alisema. “Tuache juma moja.”

“Mama Semana, haitangoja.”

“Mimi njo najua mboga.”

Nyiramana alirudi kwake na kisu chake. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha.

Siku iliyofuata ukungu ulishuka na haukupanda. Mvua nyembamba ilinyesha siku tatu, mchana na usiku. Mimea ilibanana, hakuna upepo uliopita katikati yake, na unyevu haukukauka. Asubuhi ya nne Daphrose aliinama nyuma ya nyumba. Katikati ya tuta mimea yote ilikuwa imelala. Vikonyo vilioza pale vinapotoka ardhini. Alipogusa ya pembeni, nayo ikaanguka. Akakaa chini kwenye matope, kanga na yote.

Juma hilo walirudi kituoni. Adelaïde alipima damu ya Astrid.

“Nane na nusu,” alisema. “Dawa inasaidia, lakini inaenda pole sana. Na majani je, unakula?”

“Nakula, Maman,” Astrid alijibu upesi. “Kila siku.”

Daphrose alimgeukia. Astrid alikuwa ameinamisha kichwa. Binti huyu hakuwa mwongo. Alisema uongo kumfichia mama mkwe wake aibu, na aliyekuwa anakonda ni yeye.

“Anadanganya kwa ajili yangu,” Daphrose alisema. “Nje ya siku ya soko, hajakula hata jani moja. Mboga ilikuwa tayari, nikakataa kuikata. Ni mimi.”

Adelaïde hakumkaripia. Alimgusa bega tu, akasema, “Wakati ungalipo, Maman. Kidogo, lakini ungalipo.”

Kutoka kituoni Daphrose hakupita nyumbani. Alipanda moja kwa moja kwa Nyiramana, akamkuta anaosha bidoni.

“Nimekuja kujifunza,” alisema. “Ile siku nilikufukuza na kisu yako. Unisamehe.”

Nyiramana alimwaga maji, akamvutia kiti. “Haukunifukuza. Ulinirudisha polepole.”

Wote wawili wakacheka kidogo. Kisha Daphrose akauliza swali lililomsumbua.

“Niambie kweli. Sababu gani haingoji? Mimi naingojaga mboga tangu utoto.”

“Mboga yako ya zamani ulikuwa unaipanda mbali mbali. Kila moja ilikuwa na nafasi yake, na upepo wake. Hii tunaipanda kama batu ndani ya kanisa siku ya Noeli. Saa moja wanavumilia. Wakibakia siku mbili, wataugua. Ukipanda karibu, lazima ukate mbio. Ukitaka ya kukomaa, panda ingine mbali mbali, kando, hiyo njo ya mbegu.”

Daphrose alifikiri. Hilo lilimwingia, maana lilikuwa neno la kilimo, si la ng'ombe. “Njo maana mbegu mingi vile,” alisema. “Ile mbegu njo mboga yenyewe.”

“Njo vile.”

Alipofika nyumbani alianza mara moja. Kipande cha kuanikia nguo kilitosha matuta matano. Alipanda tuta la kwanza siku hiyo hiyo. Baada ya siku tano alipanda la pili, baada ya tano nyingine la tatu, kisha la nne na la tano vivyo hivyo. Pembezoni alipanda lengalenga chache, kila moja na nafasi yake, zikue na kumrudishia mbegu. Safari hii alinyunyiza asubuhi tu, ili majani yakauke kabla ya jioni. Mvua nyembamba ikija, alitia maji pale tu udongo ulipokauka. Mkulima akielewa sababu, humwambii mara mbili.

Siku ya ishirini alipiga magoti kwenye tuta la kwanza. Nyiramana alisimama nyuma yake. Daphrose aliifumbata mimea kwa mkono wa kushoto, akaweka kisu upana wa vidole viwili juu ya udongo, ili mchanga usiingie. Mkono ulikataa kidogo. Kisha akakata.

Alikata sehemu ya siku hiyo tu, sahani moja iliyojaa. Aliosha majani mara tatu kwa maji safi. Akaweka mafuta kidogo na kitunguu kwenye sufuria, akatia majani, akageuza mara chache, akaepua yangali ya kijani. Akakamulia ndimu.

Astrid alikula na ugali na maharagi. “Iko laini, Maman,” alisema. “Haina hata nyuzi.”

“Kula. Kesho kuko ingine.”

Na kweli ilikuwapo. Sehemu iliyobaki ya tuta la kwanza ililiwa siku nne zilizofuata. Lilipokwisha, la pili lilikuwa tayari. Daphrose aling'oa mizizi ya tuta la kwanza, akageuza udongo, akatia mbolea iliyooza, akapanda tena. Wanawake wa mtaa walianza kupita nyuma ya nyumba kuangalia. Mmoja akauliza kwa nini Mama Semana analisha nyumba yake miche. Daphrose akamwonjesha. Kesho yake mama yule alirudi kuomba mbegu.

Mwezi wa saba wa mimba damu ya Astrid ilikuwa tisa na nusu. Mwezi wa nane ilikuwa kumi na moja. Adelaïde alipima mara mbili ili awe na hakika, kisha akamwandika azalie hapo hapo Bihambwe. Astrid aliendelea kumeza vidonge na kulala ndani ya chandarua, kama alivyoambiwa.

Uchungu ulimshika alfajiri. Saa nne ya asubuhi mtoto wa kike alilia. Daphrose alisimama ukutani, macho yake hayakumtazama mtoto. Alitazama damu. Ilitoka, kama inavyowatoka akina mama wote. Adelaïde alikanda tumbo la Astrid, akangoja, akaangalia tena.

“Imesimama,” alisema. “Iko muzuri.”

Hapo ndipo Daphrose alipoweza kumwangalia mjukuu wake. Alimchukua, akamnusa kichwani, akamrudisha kwa mama yake. Astrid alikuwa amechoka, lakini midomo yake ilikuwa na rangi.

“Maman,” alisema, “nasikia njaa.”

Daphrose alitoka kituoni karibu akimbie. Tuta lililokuwa tayari walikuwa wamelimaliza, na lililofuata lilikuwa na siku kumi na nane tu. Majani yalikuwa madogo kuliko yote aliyowahi kukata. Alipiga magoti, akalikata lote, mwanzo hadi mwisho, hakubakisha sehemu ya kesho. Kisha akakaa akalia kidogo peke yake, akafuta macho, akaingia ndani kupika.