Buti Jepesi

Saa sita mchana. Chumba cha nyuma cha duka la kadi za simu, Columbia Heights.

Kamande alichora njia kwa kidole kwenye vumbi la meza. Ghala la Sterling. Nyaya za shaba. Mlinzi alishatiwa mfukoni. Mzigo wote ungeingia kwenye buti la Camry ya Mutai, naye Kamande angetangulia na van tupu kuangalia njia. Wenceslas, Mkongo mwenye mwili wa kreti mbili za bia, ndiye angepakia. Mutai asishuke. Hiyo ilikuwa sheria yao tangu kazi ya kwanza: dereva hashuki, hazimi injini, hageuki nyuma.

Mutai aliuliza jambo moja tu, kama watamaliza mapema. Saa tisa na nusu alitakiwa shuleni Gaithersburg kumchukua Audrey, binti yake wa miaka sita. Mama wa mtoto alishazikwa, na karatasi za Mutai za kukaa ugenini ziliisha zamani. Akishikwa atarudishwa Nairobi, mtoto abaki peke yake.

"Utafika," Kamande alisema.

Ile Camry Mutai aliitengeneza mwenyewe. Nyuma alitoa springi za kampuni akatia nene, za kubeba mzigo, ili buti likijaa shaba matako ya gari yasikae chini, karao wa barabarani wakashtuka. Hapo alitumia akili. Lakini rimu! Mwezi uliopita, kwenye nyama choma ya Wakenya, mtu alimcheka kwamba anaendesha gari la mchungaji mstaafu. Roho ikamuuma. Wiki hiyo hiyo akalivalisha rimu kubwa za kung'aa, chuma kitupu, na yeye ni fundi, anajua kabisa kwamba gurudumu zito likirushwa na shimo hukawia kurudi kwenye lami. Sifa, jamani. Sifa zitatumaliza.

Saa nane na nusu. Sterling.

Mutai alikaa macho mbele, injini inanguruma. Alisikia buti likifunguliwa, kishindo, minong'ono, mlango wa van ukiburutwa. Mambo yakachukua muda kuliko walivyopanga. Hatimaye Wenceslas akaingia akihema, akasema muzigo wote uko ndani. Van ya Kamande ikatangulia, ikapotea.

Shimo la kwanza, gari liliruka.

Shimo la pili, nyuma ikadunda, ikatua, ikadunda tena. Springi zile zikiwa na shaba juu yake zingemeza shimo kama hilo bila neno. Alijua kwa makalio kabla ya kujua kwa kichwa: nyuma hakuna kitu.

Wenceslas akaomba ashushwe kituo cha mafuta, eti kibofu kimejaa. Mutai akafunga milango.

"Wence, buti liko tupu."

"Nimepakia, ndugu."

"Gari linarukaruka. Mzigo uko wapi?"

Wenceslas akatazama mikono yake. "Iko kwa van. Hapa ni rola moja tu ya shaba, ya kukutwa nayo. Kamande amekuitia polisi, amebapa namba ya gari yako. Alisema utakimbia, bote bakufuate, yeye avuke daraja la kurudi mjini pole pole."

Kwenye kioo, taa za buluu zikawaka.

Mutai alimtukana Kamande kimoyomoyo, kisha akazitukana zile rimu. Mbele palikuwa na kona ya kupandia barabara kuu, ndefu, inayojikunja. Mkia mwepesi, springi ngumu, magurudumu mazito: tairi za nyuma zikiachana na lami mara moja tu, basi. Alihitaji uzito nyuma. Na uzito ulikuwa umekaa kando yake.

"Ruka nyuma. Kaa katikati, usitikisike."

"Nishushe."

"Nina mtoto ananingoja, Wence."

Wenceslas akajiburuta nyuma, akakisukuma kando kiti cha Audrey. Papo hapo gari likatulia. Mutai alilisikia likikaa, tairi zikishika lami, usukani ukawa wake tena. Akaingia kona. Polisi walitupwa upande wa nje wa kona, wakabaki nyuma. Akapumua. Atafika. Walahi, atafika.

Mwisho wa kona palikuwa na lori. Mutai akapunguza mwendo, kidogo tu. Kufuli la mlango likalia nyuma yake.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, aligeuka. Aliona mlango wazi, kiti cha Audrey, na hakuna mtu. Kiungo cha chuma, pale barabara inapopanda daraja, kikalipiga gari. Nyuma ikaruka, na ilipotua ilikuwa imeshapita mbele.

Saa tisa na dakika arobaini.

Camry ililala ubavu. Wazima-moto walikuwa bado wanakata mlango, mguu wa Mutai umebanwa, askari kamwelekezea bastola. Rimu moja ilimeta juani, haina hata mkwaruzo. Chini ya kiti simu ikaanza kuita. Aliujua mlio ule, aliuweka mwenyewe kwa namba ya shule.

"Naomba nipokee hiyo simu," alimwambia askari, na hakutambua kwamba amesema Kiswahili.

Askari hakuelewa. Simu ikakatika, ikaita tena.