Mjusi Aliyelelewa Kama Samaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Olive alifagia uwanja wao kule Kimanga, karibu na ziwa, akachota maji, kisha akainama kuchungulia sanduku la kioo chini ya kitanda chake. Humo aliishi Kapita, mjusi wa mawe mwenye kichwa cha buluu. Aliitwa hivyo kwa sababu alitikisa kichwa kama kapita anayesimamia wafanyakazi.

Sanduku hilo Olive alipewa na baba yake mdogo, Hyacinthe, ambaye huvua samaki wadogo wa rangi ziwani na kuwafuga hadi wanunuzi waje. Lilikuwa limepasuka, halishiki maji tena. Olive alikuwa amemtazama mara nyingi akihudumia samaki wake: kioo hakikai juani, na chakula ni unga wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Basi naye akafanya vivyo hivyo.

Watoto wa jirani walipojaa mlangoni, aliwaambia kwa maringo, "Msiguse! Minye najua mambo ya vioo tangu zamani."

Lakini Kapita hakuugusa unga. Buluu ya kichwa chake ikafifia, akawa mweusi kama sufuria. Siku moja Hyacinthe aliuliza, "Mjusi iko anakula?"

"Anakula sana, baba mdogo! Jana alimaliza chote."

Hyacinthe alipoondoka, Bruno, mdogo wake Olive, alimcheka dada yake. "Yaya, waliomaliza ni kuku. Nilikuona ukiwamwagia."

"Nyamaza weye!"

Jumamosi Olive alimgusa Kapita kwa kijiti. Hakukimbia. Alifungua jicho moja, akalifumba tena. Maringo yote yakamtoka Olive. Alibeba sanduku kifuani, akaenda mbio hadi ufukweni, Bruno akimfuata nyuma. Walimkuta Hyacinthe akishona wavu.

"Baba mdogo, nilikudanganya! Hajala kitu. Atakufa!"

Hyacinthe alimpapasa mjusi tumboni. "Ni baridi kabisa. Unamweka wapi?"

"Chini ya kitanda, kama vile samaki wako wanavyokaa kivulini."

"Na unamlisha nini?"

"Unga wa ndagala."

Hyacinthe alicheka mpaka wavu ukamponyoka. "Kumbe unafuga samaki mwenye miguu!"

Aliweka sanduku mahali ambapo jua la asubuhi lilifika. Upande mmoja alitia jiwe bapa. Upande wa pili aliufunika kwa kitenge. "Mjusi huota jua kwanza, ndipo apate njaa. Akiona joto limezidi, atakimbilia kivulini. Na chakula chake lazima kiwe kinatembea."

Bruno alileta panzi aliyemkamata majanini, akamtia sandukuni. Wakangoja. Polepole Kapita alipanda juu ya jiwe, akajilaza, na buluu ikaanza kurudi kichwani. Panzi akaruka mara moja. Hakupata nafasi ya kuruka tena.

"Amemmeza!" Bruno alipiga kelele, na Olive akacheza pale pale mchangani.

"Kutojua si kosa," Hyacinthe alisema. "Hata minye, samaki wangu wa kwanza niliwaua kwa kuwapa bugali. Lakini weye uliona anaumwa, ukaniambia anakula. Mnyama hawezi kuja kwangu kulalamika, Olive. Anayemfuga ndiye mdomo wake. Mdomo huo ukidanganya, nani atamsemea?"

"Hakuna mtu, baba mdogo," alijibu Olive kwa sauti ndogo. Kisha akamshika Bruno mkono, wakaingia majanini kutafuta panzi wengine.