Doa kwenye Kiti cha Kushoto

Siku ya tatu ya maonyesho, ukumbi ulianza kunuka dawa ya kusafishia picha. Mpiga picha aliijua harufu ile, kwa maana alilelewa ndani yake, katika studio ya marehemu baba yake. Lakini chumba cha giza kilifungwa miaka kumi na tano iliyopita, na picha zote zilizotundikwa pale zilichapwa kwa mashine, wino mtupu. Akamwuliza mlinzi kama kuna mtu amemwaga siki. Mlinzi akamjibu kwamba yeye ana mafua tangu juzi, habari za harufu asimwulize.

Akaliacha jambo hilo, maana alikuwa amechoka. Kazi ilikuwa imemgeuka uzeeni. Zamani mtu alilipia sura yake mwenyewe. Siku hizi kila mmoja ana kamera mfukoni, na kinachonunuliwa ni sura za wengine, hasa wakiwa wamekufa. Ndiyo maana Madamu, mwenye ukumbi, alipofungua sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, alikaa sakafuni na sketi yake ya thamani, akasema, "Mzee, unalia shida na huku umekalia dhahabu."

Picha iliyowavuta watu kuliko zote ilikuwa ya mwanamke mmoja wa enzi za ile studio. Amekaa kiti cha kulia, na mkono ameuweka juu ya kiti cha kushoto, kisicho na mtu. Kwenye bahasha ya picha hiyo baba yake alikuwa ameandika: watu wawili. Mpiga picha alicheka, akidhani mzee alipitiwa. Kwenye kile kiti cha kushoto kulikuwa na doa la kijivu lenye urefu wa mtu. Ukungu wa filamu kuukuu, alijiambia. Akaketi kwenye kompyuta siku nzima akilifuta kidogo kidogo, hadi kiti kikatakata. Kisha, kama soko linavyotaka, zikachapwa nakala tano tu, na filamu yenyewe ikakatwa vipande mbele ya wanunuzi isije ikazaa ya sita. Wanunuzi walipiga makofi.

Chini ya picha hiyo Madamu aliweka viti vyenyewe vya studio, vyote viwili, ili wageni wakae wajipige selfi. Binti wa mpiga picha, aliyekuwa akiwapokea wageni, akichoka kusimama alijipumzisha kwenye kile cha kulia. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na tangu mama yake afariki hawakuwa na mwingine nyumbani. Mwanzo alikaa dakika tano. Kufikia siku ya tano alikuwa akikaa asubuhi nzima.

Siku hiyo mgeni mmoja alimwonyesha mpiga picha simu yake. "Hebu nitazamie, mzee. Wote tumetoka vizuri, ila huyu dada."

Begani kwa binti yake palikuwa na doa la kijivu. Akakifuta kioo kwa pindo la shati. Akajaribu simu yake mwenyewe, na doa likatoka refu zaidi, limeshuka hadi kiunoni.

Akamkaribia bintiye, akamkuta ananong'ona, ananyamaza kama anayesikiliza, kisha ananong'ona tena.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Punguza sauti, Baba. Ndiyo kwanza amelala."

"Nani amelala?"

Akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga. "Nenda nyumbani ukapumzike. Umechoka."

Mzee hakwenda. Akamkamata mkono amwinue, na mkono ulikuwa baridi na umelowa kama karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye sinia la dawa, na harufu ile ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na kile kiti kitupu kikalia, polepole, kama kinavyolia kiti mtu mzito anapojiweka sawa, na alipovuta kwa nguvu alihisi bintiye anavutwa upande wa pili pia, bila pupa, bila hasira, na aliyevuta alikuwa na nguvu kuliko yeye. Wageni waliokuwa pale wakawapigia makofi. Mmoja alimwuliza Madamu kama mchezo ule nao unauzwa.

Madamu aliutoa umati nje, akafunga mlango, akampigia simu mama mmoja mtaalamu wa majini.

Mama huyo alifika adhuhuri, miwani puani, akilalamika kwamba hiyo ni nyumba ya tatu tangu asubuhi. Hakuwasha kitu wala kusoma kitu. Aliitazama ile picha tu.

"Hapa kwenye kiti palikuwa na nini?"

"Doa. Nililifuta."

"Ulilifuta." Akavua miwani, akaisugua kwa kanga. "Miaka yote jini huyo alikaa humo na mkewe, hana ugomvi na mtu. Umemtoa kwake, mke umembakiza ndani, halafu umemwekea kiti na msichana pembeni. Sasa yeye unamlaumu nini?"

"Nimrudisheje? Filamu tumeikata."

"Mpige picha nyingine. Lakini hakai peke yake. Mtu akae naye kwa hiari, ndipo atamwachia huyu."

Madamu akatazama sakafu. Mpiga picha hakumtazama mtu. Alikwenda studio, akarudi na kamera ya baba yake, akaisimamisha, akapima mwanga, akamwonyesha yule mama pa kubonyeza. Aliogopa, lakini mtoto ni mtoto. Akaenda akasimama mbele ya bintiye.

"Mwanangu, miguu ya baba yako haiwezi tena. Nipishe nikae."

Binti alikuwa amekataa kuvutwa, lakini adabu aliyofunzwa utotoni ilimfikia huko alikokuwa. Akainuka. Baba yake akaketi, akaweka mkono juu ya kiti cha kushoto. Kamera ikalia.

Binti alilala siku mbili, akaamka ana njaa na hakumbuki kitu. Kwenye filamu mpya doa lilikuwa kwenye kiti chake cha kushoto, limenyooka, karibu na mzee. Madamu aliitaka picha ile kwa bei yoyote. Mpiga picha aliifungia kabatini, na ukumbini harufu ikakoma.

Jumapili moja alasiri alikuwa amejiegemeza kwenye kochi, nyumbani. Binti akaja kuketi kushoto kwake.

"Kaa huku," akamwambia, akionyesha kulia.

"Huko pana nini?"

"Pana baridi."

Binti akazunguka, akakaa kulia, akamwegemea begani, na baada ya muda akapitiwa na usingizi. Mzee alibaki wima, mgongo ukimuuma, asithubutu kujigeuza, kwa sababu hata bega la kushoto lilikuwa limeegemewa.